Binti wa Kilifi na Sheria ya Mteremko

Yumkini mwanafunzi wa Mwera, wilayani Pangani, hajapata kuona theluji maishani mwake. Je, kuna haja gani ya kumfundisha habari za mchezo wa skii? Haja ipo, kwa kuwa sheria zinazoutawala mchezo huo ndizo zinazoitawala nazi iangukayo kutoka mnazini.

Sabrina Simader alizaliwa mwaka 1998 huko Kilifi, katika pwani ya Kenya. Alipokuwa mtoto mdogo alihamia Austria, nchi yenye milima mirefu, na huko akajifunza kuteleza juu ya theluji kwa mbao nyembamba ziitwazo skii. Mwezi Februari 2018, huko Pyeongchang, Korea ya Kusini, alibeba bendera ya Kenya akiwa mwanamichezo pekee wa nchi yake, na mwanamke wa kwanza wa Kenya kushiriki katika Olimpiki ya majira ya baridi. Miongoni mwa mashindano aliyoshiriki ni mbio za Super-G.

Katika mbio hizo za wanawake, mchezaji hushuka kimo cha meta 400 hadi 600. Chukulia kimo cha meta 500. Mchezaji aliyesimama kileleni ana nishati tuli, yaani akiba itokanayo na kimo chake. Ashukapo, akiba hiyo hugeuka kuwa nishati mwendo:

mgh = ½mv²

Masi, m, imo pande zote mbili, kwa hiyo hufutika. Iwapo g ni 10, basi v² = 2 × 10 × 500 = 10,000. Mwendo, v, ni meta 100 kwa sekunde, sawa na kilometa 360 kwa saa!

Hata hivyo, katika Super-G mwendo huwa karibu na kilometa 100 tu kwa saa, yaani meta 28 kwa sekunde. Kwa kuwa nishati mwendo hufuata mraba wa mwendo, iliyobaki ni kama asilimia 8. Sehemu nyingine imekwenda wapi? Haikutoweka, msuguano wa theluji na ukinzani wa hewa vimeigeuza, hasa kuwa joto. Tena, mwendo ukiongezeka mara mbili, ukinzani wa hewa huongezeka mara nne. Ndiyo sababu mchezaji hujikunyata.

Basi mazoezi ya miaka mingi hulenga hasa kupunguza hasara hiyo. Huko Pyeongchang, Ester Ledecká wa Chekia alimshinda Anna Veith wa Austria kwa sekunde 0.01. Kwa mwendo uliotajwa, hizo ni sentimeta 28, pungufu ya urefu wa rula ya shuleni.

Simader alihitaji kuhamia mbali ili apate mteremko wa theluji. Mwanafunzi wa Mwera ahitaji ubao tu ili aijue sheria yake.

Jaribio: Weka kipande cha mti juu ya ubao. Inua ncha moja polepole hadi kipande kianze kuteleza. Pima kimo cha ncha hiyo, kisha ukigawe kwa urefu wa kitako cha mteremko, uliopimwa chini sakafuni. Jawabu ni kizigeu cha msuguano.

Maswali:
1. Paka ubao mafuta ya nazi, kisha rudia. Jawabu limebadilikaje?
2. Funga vipande viwili pamoja, kimoja juu ya kingine. Je, uzito umebadili jawabu? Eleza kwa nini.