Kovu, Michirizi na Mwaliko wa Kuruwitu

Mama Pacha wa Vipingo,

Nisamehe, barua yako imenichekesha kidogo. Bahari iko mwendo wa bodaboda tu kutoka kwako, lakini tangu upasuliwe ukijifungua pacha hujatia hata goti majini. Kovu, michirizi na tumbo vyote umevifungia ndani ya dera. Sasa rafiki yako anakualika Kuruwitu, kwenye nyumba yenye ukuta ambako wageni hukaa uchi, akiapa utarudi unajipenda. Unauliza kama umeingiwa na wazimu kutamani kwenda.

Wazimu huna, mwanangu. Ila umeandika kwamba "wanaovua ni wenye miili mizuri", na hapo umepotea. Kama wangekuwa hao tu, ungerudi umevunjika moyo zaidi. Anayepata nafuu huko huipata kwa kuona matumbo yaliyolegea, magoti ya wazee na makovu kama lako, na kugundua kwamba hakuna anayemkagua. Mwanasaikolojia Keon West wa Goldsmiths, London, alichapisha utafiti wa Waingereza 849 mwaka 2017: waliozoea mambo haya walielekea kuridhika zaidi na miili yao na maisha yao. Utasema labda wanaojipenda ndio huvua, na una haki. Baadaye akafanya jaribio la watu 51, baadhi wakikutana na nguo, wengine bila. Waliovua walitoka wakiithamini zaidi miili yao, kwa kuwa hofu ya kutazamwa ilipungua. Watu 51 ni wachache, tena hakuna aliyekuwa na mama mkwe Vipingo.

Unasema pia haya ni ya Wazungu. Bibi zetu wa Kigiriama walifunga hando kiunoni, kifua wazi, wakaenda zao kisimani. Na hando lile, kwa marinda yake, lilizidisha nyonga hizohizo unazozificha! Waswahili nao, bi harusi husingwa na somo wake mwili mzima, na hakuna anayeshangaa. Wanawake walikuwa wakiiona miili ya wenzao, ya kila umri. Wewe siku hizi unaiona ya kwenye simu tu, iliyochaguliwa na kusafishwa, halafu unajilinganisha nayo usiku.

Lakini kilichonishtua umekipitisha haraka mwishoni: mumeo hajui. Ukienda kwa siri, utarudi na aibu mpya juu ya ile ya kovu. Mwambie. Na huyo rafiki, je, unaweza kumwambia "mimi nitabaki na leso yangu" asikucheke? Kama huwezi, usiende naye.

Ukienda, uliza kwanza kama simu zinawekwa kando. Chukua taulo lako la kukalia. Na uchi uishie ndani ya ukuta. Ufuo ni wa umma, sheria ipo, na wavuvi wa Kuruwitu, ambao tangu 2003 wana chama chao cha kuhifadhi bahari ile, hupita hapo na watoto wao.

Mimi ningeanza karibu zaidi. Mchukue dada yako Jumamosi, maji yakijaa, mwingie mpaka kiunoni na leso zenu. Mkirudi kubadili nguo, usimgeuzie mgongo. Mwonyeshe kovu, naye akuonyeshe lake; mama wa watoto hakosi la kuonyesha. Baada ya hapo ndipo umjibu rafiki yako. Mumeo akikataa, tafadhali usinitaje.

Shangazi yako