Jina la tovuti lianze kupimwa kwa sikio

Swali: Nauza maziwa na mtindi Morogoro, nataka kufungua tovuti. Nichague jina fupi au linaloitaja biashara?

Jibu: Chagua jina ambalo mteja akilisikia mara moja kwenye simu ataliandika bila kuuliza. Anwani ya kawaida ya intaneti hupokea herufi, tarakimu na kistari tu, ritifaa haimo. Kwa hiyo "Ng'ombe Bora" itakuwa ngombebora. Pia "dhahabu" wapo watakaoiandika kwa z. Kistari nacho husahaulika upesi. Utaambiwa ufupi ndio kila kitu. Sikubali: mtindimoro ni refu kuliko mtm, lakini herufi tatu zisizo na maana nani atazikumbuka? Wengine watashikilia .com. Inafaa ukilenga wateja wa nje. Kwa mnunuzi wa Morogoro, .co.tz inamwambia upo karibu, na huko jina unalolitaka lina nafasi kubwa zaidi ya kuwa wazi.

Jambo moja usilipuuze: jina hulipiwa kwa muda, kwa kawaida mwaka hadi mwaka. Hakikisha limesajiliwa kwa jina na barua pepe yako mwenyewe, si ya fundi anayekutengenezea tovuti.