Cheti cha Ukaguzi ni Picha ya Siku Moja: Funzo kwa Wenye Pikipiki Kuukuu

Pikipiki inaweza kupita ukaguzi Jumatatu na kushindwa kusimama Ijumaa. Si lazima iwe mkaguzi alizembea au mwenyewe alidanganya. Kwa pikipiki ya miaka minane inayobeba abiria na magunia kutwa nzima kwenye barabara ya murram, siku nne ni muda wa kutosha kwa waya wa breki uliochoka kukatika.

Funzo la toleo hili linajibu swali moja: je, cheti cha ukaguzi wa pikipiki kuukuu kinaaminika kwa kiasi gani, na mkazi afanye nini baada ya kukipata?

Sheria inasemaje

Ukaguzi wa vyombo vya moto uko chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Uchukuzi na Usalama (NTSA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Serikali za kaunti, kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba, hushughulikia barabara za kaunti, trafiki na maegesho. Kwa hivyo, anayekuuzia cheti cha ukaguzi kando ya barabara bila hata kuiona pikipiki anakuuzia karatasi tu.

Kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinataka chombo na sehemu zake zote, zikiwemo taa na tairi, zidumishwe wakati wote katika hali isiyohatarisha watumiaji wa barabara wala wanaobebwa. Maneno ya kushika hapo ni "wakati wote". Polisi akikuta tairi lako limekuwa kipara, cheti cha mwezi uliopita hakitakuwa kinga.

Kwa nini cheti pekee hakitoshi

Kwanza, mkaguzi huona kinachoonekana. Pikipiki nyingi kuukuu zina breki za dramu, na breki shuu zimefichwa ndani ya habu ya gurudumu. Ufa kwenye fremu nao unaweza kufunikwa na rangi mpya.

Pili, kuna vifaa vya kuazima. Mtu huomba tairi, vioo vya pembeni au taa kwa mwenzake, akapita ukaguzi, kisha akavirudisha jioni. Hapo kilichopita ni vifaa vya mwenzake. Yeye na abiria wake wanarudi barabarani na pikipiki ile ile mbovu.

Tatu, ni umri wenyewe. Mpira wa tairi hukauka na kupasuka hata pikipiki ikiegeshwa. Waya wa breki huota kutu ndani ya ala yake, mahali macho hayafiki. Mtikisiko wa kila siku hulegeza nati, spoki na beringi. Pikipiki mpya huchakaa polepole. Kwenye kuukuu, sehemu kadhaa hufikia mwisho wa maisha yake kwa wakati mmoja.

Hesabu ya mita

Pikipiki ikienda kilomita 50 kwa saa, inasafiri takriban mita 14 kila sekunde. Mtoto akikatiza barabara, mwendeshaji anahitaji kama sekunde moja kabla mkono na mguu havijashika breki. Mita 14 zimeshapotea. Breki zikiwa nzuri na barabara ikiwa kavu, pikipiki itahitaji takriban mita 16 zaidi kusimama. Breki zikiwa na nusu ya nguvu hiyo, zitahitajika takriban mita 32. Tofauti ya mita 16 inaweza kuwa upana mzima wa kivuko cha shule na zaidi.

Ukaguzi wa dakika kumi nyumbani

Mambo yafuatayo hayahitaji mashine. Yafanye kila wiki, ikiwezekana kabla ya safari ya kwanza ya Jumatatu.

1. Breki. Chunguza waya pale unapoingia kwenye mkono wa breki. Uzi mmoja ukikatika, badilisha waya wote. Pikipiki nyingi za breki za dramu zina mshale mdogo karibu na habu; kanyaga breki hadi mwisho, na mshale ukivuka alama, breki shuu zimekwisha.

2. Tairi. Ndani ya mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo. Uso wa tairi ukilingana navyo, tairi limekwisha. Ubavuni tafuta tarakimu nne: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Hivyo muuzaji hawezi kukuambia tairi kuukuu ni jipya.

3. Cheni. Ivute kwa nyuma pale inapozunguka sproketi kubwa. Ikiinuka na kuonyesha karibu nusu ya jino, imechakaa. Meno yaliyopinda kama ndoana ni dalili hiyo hiyo. Cheni ikikatika inaweza kufunga gurudumu la nyuma.

4. Usukani. Shika breki ya mbele, kisha sukuma pikipiki mbele na nyuma. Ukisikia mgongo wa "tok" karibu na shingo ya fremu, huenda beringi zimelegea. Mpelekee fundi.

5. Gurudumu la nyuma. Simamisha pikipiki kwa stendi kubwa na ulitikise gurudumu kushoto na kulia. Halifai kucheza. Gonga spoki moja moja. Iliyolegea hutoa sauti nzito kuliko wenzake.

6. Taa. Taa ya breki iwake kwa mkono na kwa mguu pia. Wengi hujaribu mmoja tu.

Kwa anayenunua ya mkono wa pili

Usinunue kwa sababu muuzaji ameonyesha cheti. Linganisha nambari ya chesisi na ya injini na zile za kitabu cha umiliki. Nenda na fundi wako mwenyewe, afungue magurudumu na kuangalia breki shuu. Piga tochi kwenye maungio ya fremu chini ya kiti na karibu na shingo. Ukiridhika, hamisha umiliki kupitia eCitizen na ukate bima ya mtu wa tatu kabla ya kubeba abiria wa kwanza.

Kwa abiria

Abiria naye ana macho. Kabla ya kupanda, tazama tairi la nyuma na umwombe mhudumu akanyage breki uone kama taa inawaka. Sheria inataka nyote wawili mvae helmeti na jaketi la kuakisi mwanga, na abiria awe mmoja. Mhudumu mwema hatakasirika ukiuliza. Pikipiki hiyo ndiyo inayolisha watoto wake.

Maswali ya kujipima

Tairi lako la nyuma lilitengenezwa mwaka gani? Waya wa breki ulibadilishwa lini mara ya mwisho? Nani alifungua dramu ya nyuma na kuona breki shuu kwa macho yake? Ukikosa jibu hata kwa swali moja, pitia kwa fundi kabla ya safari ya kesho, hata kama cheti chako bado ni kipya.