Mama, Sevilla Nenda, Ila Usiende Agosti

SWALI: Daktari, nina miaka 68 na nina presha. Kila asubuhi nameza vidonge viwili, na kimoja hunikojoza sana. Mwanangu anafanya kazi Sevilla, kusini mwa Uhispania. Anataka nimtembelee Agosti kwa kuwa ndipo atakapopata likizo. Anasema kuna joto, lakini niliwahi kukaa Mombasa na sikuugua. Nikubali?
Mama, Kanyakine, Meru

JIBU: Mama, nenda ukamwone mwanao, ila si Agosti. Mwombe akupangie Oktoba, au msubiri Aprili.

Agosti hapo kwenu watu bado wamevaa sweta, mawingu yametanda. Mwezi huohuo, joto la mchana Sevilla huwa wastani wa nyuzi 36, na siku za kupita 40 si ngeni. Huko La Rambla, katika mkoa jirani wa Córdoba, lilifika nyuzi 47.6 tarehe 14 Agosti 2021. Mwili huchukua wiki moja hadi mbili kulizoea joto. Wewe utaondoka kwenye baridi na kesho yake uko tanurini.

Mombasa isikudanganye. Joto la pwani lina unyevu: jasho hutiririka, leso ikakuganda mgongoni, ukajua maji yanakutoka. Hewa ya Sevilla wakati huo ni kavu, na jasho hukauka kabla hujaliona. Unaweza kupungukiwa maji hali ngozi yako haina hata tone.

Isitoshe, kadiri umri unavyosonga ndivyo kiu inavyopungua. Hicho kidonge cha kukojoza nacho kinatoa maji na chumvi. Vikikutana vyote, presha inaweza kushuka ghafla unapoinuka kitandani, kizunguzungu kikakuangusha ukavunjika nyonga. Figo pia huweza kuumia. Wimbi la joto la mwaka 2003 linakadiriwa kuua watu zaidi ya 70,000 barani Ulaya, na wengi wao walikuwa wazee.

Oktoba mchana huwa nyuzi 26 hivi, na Aprili 23. Mei pia ni nzuri, lakini kama una pumu uiepuke: ndipo mizeituni, iliyojaa eneo hilo, inapopeperusha chavua.

Kama Oktoba haiwezekani kabisa, kumbuka kwamba huko joto kali zaidi si la adhuhuri. Saa zao ziko mbele ya jua, kwa hiyo joto hufikia kilele kati ya saa kumi na moja jioni na saa moja. Toka asubuhi na mapema, kisha ukae ndani, mapazia yamefungwa. Kunywa maji bila kungoja kiu, na utazame mkojo: ukiwa na rangi ya chai ya rangi, umechelewa. Mtu akianza kuchanganya maneno na mwili unawaka, huyo ni wa hospitali papo hapo. Itisheni msaada huku mkimmwagia maji na kumpepea.

Kabla ya safari, mwezi mmoja hivi, peleka vidonge vyako kliniki, vyenyewe, si majina tu. Daktari wako ndiye atakayeamua kama dozi ibadilishwe. Usiache kidonge kwa uamuzi wako. Dawa za maumivu kama ibuprofeni usizichanganye na hizo bila kuuliza, kwani joto likiongezeka figo hubeba mzigo wote. Dawa zisafiri kwenye mkoba wa mkononi pamoja na barua ya daktari. Viza yenyewe itakudai bima ya matibabu isiyopungua yuro 30,000. Hakikisha inakubali ugonjwa uliokuwa nao tayari.

Msomee mwanao jibu hili kwa simu. Amekuita ili mtembee pamoja, akuonyeshe anakofanya kazi na anakonunua mboga. Oktoba mtayafanya hayo yote. Agosti ungekaa chumbani, madirisha yamefungwa, ukingoja jua lizame saa tatu usiku.