Ripoti ya Ubongo Imetaja Kitu Usichokitarajia? Anza na Haya Sita

Ulikwenda kupigwa MRI kwa sababu ya kichwa kisichoacha kuuma, au CT-scan baada ya kuanguka na bodaboda. Ulichokiogopa hakikuonekana. Ila kuna mstari mmoja kwenye ripoti unaotaja kifuko, doa au uvimbe mdogo ambao hakuna aliyekuwa akiutafuta, na tangu hapo hulali. Kaa hapa dakika tano, tuupunguze huo mzigo.

1. Mko wengi, tena wengi kweli

Mwaka 2007 watafiti wa Rotterdam, Uholanzi, walitoa matokeo ya picha za ubongo za watu 2,000 wa kawaida, wa makamo na wazee. Asilimia 7.2 walikuwa na alama za kiharusi kidogo ambacho hawakuwahi kukihisi. Asilimia 1.8 walikuwa na mshipa wa damu uliovimba, na asilimia 1.6 walikuwa na uvimbe usio saratani. Mashine za leo zinaona mengi, na mengi kati ya hayo mtu huishi nayo hadi uzeeni bila habari.

2. Rukia kwenye hitimisho

Daktari wa radiolojia huandika karibu kila anachokiona, hata sainasi zilizovimba kwa mafua ya wiki iliyopita. Kwa hiyo usianzie juu. Shuka moja kwa moja kwenye hitimisho, chukua kalamu, zungushia vitu vitatu: kitu kiko wapi, kina milimita ngapi, na kama umeshauriwa kurudia kipimo. Kiingereza cha kitabibu kikikushinda, mwombe daktari akueleze kwa Kiswahili na akuchoree kwenye karatasi. Ni haki yako, na mchoro wa nusu dakika huondoa hofu ya wiki nzima.

3. Wafahamu wageni wa kawaida

Kifuko cha araknoidi kina maji yale yale yanayouzunguka ubongo. Wengi huzaliwa nacho, na kisipokandamiza kitu huachwa kilivyo. Kifuko kidogo kwenye tezi ya pineali nacho huonekana mara kwa mara, na chokaa kwenye tezi hiyo kwa mtu mzima ni jambo la kawaida kabisa. Meninjioma ndogo, yaani uvimbe unaoota kwenye utando unaofunika ubongo, mara nyingi hukua polepole. Huenda ukaambiwa urudie picha baada ya miezi kadhaa bila kuguswa na kisu.

Vidoa vyeupe ndani ya ubongo huongezeka na umri, na wenye kipandauso pia huwa navyo. Lakini hapa una kazi ya kufanya: kapime presha na sukari wiki hii, kwa sababu vyote viwili huharibu mishipa midogo ya damu, na vyote vinadhibitika.

Kuna mgeni mwingine tunayepaswa kumjua vizuri Afrika Mashariki: vinundu vya chokaa vilivyoachwa na mabuu ya tegu wa nguruwe. Ukitajiwa hivyo, mwambie daktari kama umewahi kupata degedege au kupoteza fahamu, hata kama ilikuwa zamani. Na tafadhali, usikimbilie dawa ya minyoo ya duka la jirani! Kama bado kuna mabuu hai kichwani, kuyaua bila uangalizi kunaweza kuuvimbisha ubongo na kuleta degedege. Hospitali huipanga dawa hiyo pamoja na nyingine za kuzuia uvimbe huo.

4. Wachache hawataki kuachwa

Mshipa uliovimba unamhitaji bingwa, hata ukiwa mdogo. Ataangalia ukubwa, mahali ulipo, presha yako, sigara, na kama kuna ndugu aliyewahi kuvuja damu kichwani. Mingi iliyo chini ya milimita 7 hufuatiliwa tu, lakini sigara iache leo.

Uvimbe kwenye tezi ya pituitari nao uulizie vipimo vya homoni, ikiwemo prolaktini, hata kama ni wa milimita 4. Hedhi iliyovurugika, maziwa kutoka wakati hunyonyeshi, au hamu ya tendo la ndoa kupotea: yaseme yote bila aibu. Ukifika milimita 10 au zaidi, na macho yapimwe, kwa sababu neva za macho zinapita juu yake tu.

Na maumivu makali ya kichwa yanayolipuka ghafla, mdomo kwenda upande, mkono kulegea, au degedege? Hayo hayangoji miadi. Nenda hospitali saa hiyo hiyo.

5. Ingia na maswali manne

Yaandike kwenye simu. Je, hiki ndicho kinachosababisha dalili zangu? Tukikiacha, kinaweza kufanya nini? Nirudie kipimo lini? Dalili gani zinirudishe mapema? Swali la kwanza lina uzito kuliko yote. Jibu likiwa hapana, basi kichwa kilichokupeleka hospitali bado kina chanzo chake na kinastahili tiba yake. Usikubali kifuko kisicho na kosa kikasahaulisha kilichokuleta. Nenda na ndugu anayesikiliza vizuri.

6. Dai picha zenyewe

Karatasi ya ripoti haitoshi. Omba CD au faili la picha, kwa maana atakayesoma picha zako mwakani atataka kulinganisha milimita kwa milimita. Uvimbe uliobaki vile vile kwa miaka miwili ni habari njema, ila hakuna wa kuithibitisha kama picha ya kwanza imepotea. Hifadhi nakala nyingine kwenye barua pepe, andika tarehe na aina ya kipimo juu ya bahasha, na siku ya kurudia iingize kwenye kalenda ya simu kabla hujatoka getini.