SOMO: JE, JINA MOJA NI DAMU MOJA?

Watu wawili wenye jina moja la ukoo wakikutana huulizana, "Je, sisi ni ndugu?" Zamani jibu lilitafutwa kwa wazee na katika vitabu. Siku hizi hutafutwa pia kwa kupima vinasaba, yaani DNA. Mifano yetu yatoka Uingereza, kwa sababu huko jina la ukoo limepita toka baba hata mwana kwa karne nyingi. Mahali ambapo mtoto huitwa kwa jina la kwanza la baba yake, na jina hubadilika kila kizazi, njia hii haifai.

1. Vitabu vyafika wapi?
Mwaka 1538 makanisa ya Uingereza yaliamriwa kuandika kila ubatizo, ndoa na maziko. Lakini majina mengi ya ukoo yalikwisha kuwako tangu miaka ya 1200 na 1300. Basi hata mwenye kuvipata vitabu vyote hamfikii mtu wa kwanza aliyeitwa jina lake.

2. Kipimo hufanyaje kazi?
Kila mwanamume hupokea kromosomu Y kwa baba yake, naye baba kwa babu, karibu bila kubadilika. Yapita njia ile ile ya jina. Mtu hupangusa ndani ya shavu kwa brashi ndogo, na maabara husoma alama zilizomo. Wawili wakifanana alama nyingi, yaelekea wana babu mmoja wa kale upande wa baba. Lakini kipimo hakimtaji babu huyo kwa jina. Mwanamke hana kromosomu hiyo. Akitaka kujua ukoo wa baba yake, humwomba baba, kaka, au baba mdogo apimwe.

3. Mifano miwili
Mwaka 2000 Bryan Sykes, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford, alitangaza matokeo ya kuwapima wanaume 48 waitwao Sykes. Jina hilo latokana na neno la kale la kijito, na maandishi yalifanya idhaniwe kuwa lilianza mahali pengi. Lakini karibu nusu yao walikuwa na alama zile zile, ambazo hazikuonekana kwa majirani wenye majina mengine. Aliona kwamba huenda ukoo ulianza kwa mtu mmoja. Yeye alisoma alama 4 tu. Leo husomwa 37, hata 111.

Mwaka 2009 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leicester walitangaza uchunguzi wa majina 40. Wenye majina ya nadra, kama Attenborough, wengi wao walifanana. Lakini wenye jina Smith, maana yake mhunzi, hawakufanana kuliko watu wa majina mbalimbali. Kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake!

4. Wale wasiofanana
Je, nusu ya pili ya akina Sykes si wa ukoo? Hapa tuwe waangalifu. Mtoto yatima hulelewa na kupewa jina la mlezi. Mwingine huzaliwa nje ya ndoa akaitwa kwa jina la mama. Mkwe huchukua jina la mkewe ili arithi shamba. Sykes alikadiria kwamba kukatika kwa namna hiyo kwa wastani wa asilimia 1.3 tu katika kila kizazi, kwa miaka 700, kungetosha kueleza tofauti aliyoiona.

Basi kipimo chaweza kufunua siri ya bibi aliyekwisha kufa, au kumwambia mzee aliye hai jambo asilolitaka. Na jibu la mtu mmoja lawahusu ndugu zake wote. Yafaa watu wa nyumba wakae pamoja kabla ya kupima, wakubaliane nani ataambiwa nini. Aliyelelewa katika nyumba, akabeba jina lake na kuwazika wazee wake, hatolewi katika ukoo na karatasi ya maabara.

Maswali ya kuzungumza
(a) Kwa nini akina Smith hawafanani?
(b) Ndugu mmoja akikataa kupimwa, wengine wafanye nini?
(c) Katika ukoo wenu, ni nani ayajuaye majina ya wazee, na je, yameandikwa?