Mtoto mwenye usonji asifichwe: Namna ya kumsaidia kutangamana na wenzake

Mgeni anabisha hodi. Kabla mlango haujafunguliwa, mtoto mmoja anaondolewa sebuleni na kupelekwa chumba cha ndani. Atakaa huko hadi mgeni aage. Wazazi wanaofanya hivi si wakatili. Wengi wamechoshwa na maswali, macho ya watu na minong'ono ya majirani. Hata hivyo, kila siku ambayo mtoto mwenye usonji anafungiwa ndani, anakosa masomo anayoyahitaji kuliko watoto wengine: kusalimu, kusubiri zamu, kuomba anachotaka na kukataa asichotaka.

Watoto wengi hujifunza mambo haya kwa kuwatazama wenzao tu. Mtoto mwenye usonji huhitaji kufundishwa hatua kwa hatua, na mwalimu wake wa kwanza ni mzazi au mlezi. Makala haya yanaeleza mambo ambayo familia inaweza kuyafanya nyumbani, bila gharama kubwa.

Usonji ni nini?

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri namna mtu anavyowasiliana, anavyohusiana na wengine, na anavyopokea sauti, mwangaza au mguso. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba mwaka wa 2021, takriban mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji.

Dalili hutofautiana. Mtoto anaweza kufikisha mwaka mmoja bila kugeuka anapoitwa jina, au miezi 18 bila kunyoosha kidole kukuonyesha kitu kinachomvutia. Mwingine hurudia mwendo au neno lile lile, hupanga vitu kwa mstari, au huziba masikio mashine ya kusaga inapowashwa. Dalili moja pekee haitoshi kuthibitisha usonji, ila ni sababu ya kutosha ya kwenda kumwona mhudumu wa afya.

Usonji si laana wala uchawi, hauambukizi, na hautokani na malezi mabaya. Chanjo pia hazisababishi usonji. Utafiti uliozua hofu hiyo nchini Uingereza mwaka wa 1998 ulifutwa na jarida lililouchapisha mwaka wa 2010.

Mafunzo ya nyumbani

1. Anza na anachokipenda. Kama mtoto anapenda kuzungusha kifuniko cha sufuria, usimpokonye. Keti chini, uso wako uwe sawa na wake, chukua kifuniko kingine ufanye kama yeye. Akikutazama, hata kwa sekunde moja, tabasamu na useme, "Kinazunguka!" Hapo mmeanza kushirikiana katika jambo moja, na huo ndio msingi wa urafiki wowote. Usimlazimishe kukutazama machoni. Wengine husikiliza vizuri zaidi wakiwa wametazama kando.

2. Mpe sababu ya kuwasiliana. Mzazi anayempa mtoto kila kitu kabla hajaomba humnyima nafasi ya kujifunza kuomba. Weka ndizi mahali anapoiona lakini haifikii, kisha subiri. Hesabu kimoyomoyo hadi kumi. Akikuvuta mkono, akionyesha kwa kidole au akitoa sauti, sema "Ndizi" na umpe papo hapo. Tumia maneno machache. "Njoo ule" inaeleweka haraka kuliko maelezo marefu. Kwa mtoto asiyezungumza, ishara za mikono na picha ni mawasiliano kamili, na hazimzuii kujifunza kuzungumza.

3. Fundisha zamu kupitia kazi za kila siku. Mnapotoa maharagwe kwenye maganda, toa ganda moja useme "Zamu yangu," kisha umpe moja, "Zamu yako." Vivyo hivyo kwa kusukumiana mpira au kumwagilia mboga. Anza na zamu mbili tatu, mmalize kabla hajachoka. Msifu kwa kutaja alichofanya: "Umesubiri zamu yako, vizuri sana."

4. Mwingize kwa mwenzake mmoja kwanza. Kumtupa katikati ya watoto ishirini wanaopiga kelele si kumfundisha kutangamana. Mwalike binamu au jirani mmoja mpole, kwa dakika kumi, kwa mchezo ambao mtoto wako anaufahamu. Mweleze mgeni wake kwa lugha nyepesi: "Hapendi kushikwa ghafla. Ukitaka kucheza naye, muonyeshe mpira." Watoto huelewa haraka wakielezwa. Ongeza muda na idadi polepole.

5. Mtayarishe kwa safari na mabadiliko. Sokoni, kwenye matatu au ibadani kuna kelele na watu wengi. Chora picha tatu kwenye karatasi: matatu, duka, nyumbani. Muonyeshe kabla hamjaondoka. Mwambie, "Kwanza duka, kisha nyumbani." Anzeni saa ambazo hakuna msongamano, mkae muda mfupi, mrudi akiwa bado ametulia.

Anapolipuka kwa kilio

Siku nyingine mtoto atajitupa chini mbele ya watu. Mara nyingi huo si utundu, bali amezidiwa na kelele, uchovu, njaa au mabadiliko ya ghafla. Kumpiga humwongezea hofu tu, na hakumfundishi lolote. Mpeleke mahali patulivu, punguza maneno, hakikisha hawezi kujiumiza, na umsubiri. Baadaye jiulize ni nini kilitangulia. Ukikijua chanzo, mara nyingine utaweza kumkinga.

Kuhusu usalama, kumficha mtoto hakumlindi. Baadhi ya watoto wenye usonji hutoka nyumbani bila kuaga, na wengine huvutiwa na maji. Jirani asiyemjua mtoto wako hatajua kwamba amepotea. Mjulishe kwa majirani, wahudumu wa bodaboda wa karibu na mwenye duka. Funika visima na madimbwi ya nyumbani. Mfundishe pia kusema au kuonyesha "hapana" anapoguswa asivyotaka.

Haya hayawezi kubebwa na mama peke yake. Baba, nyanya, ndugu na msaidizi wa nyumbani watumie maneno na ishara zile zile, na mlezi mkuu apate muda wa kupumzika.

Msaada unapatikana wapi?

Anzia kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu, ukiwa na kijitabu cha afya ya mama na mtoto. Mhamasishaji wa afya wa kijijini anaweza kukuelekeza. Hospitali kubwa zina wataalamu wanaowasaidia watoto kujifunza kuwasiliana na kufanya shughuli za kila siku. Kwa masuala ya shule, uliza ofisi ya elimu kuhusu kituo cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalum, maarufu kama EARC. Vituo hivi vilianzishwa nchini mwaka wa 1984 na hushauri kuhusu shule inayomfaa mtoto. Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu nalo husajili wanaostahili baada ya kutathminiwa hospitalini.

Msaada huu si hisani. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi bila malipo na ulinzi dhidi ya kutelekezwa. Kifungu cha 54 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutendewa kwa heshima.

Usisubiri majibu ya hospitali ndipo uanze. Wiki hii chagua zoezi moja kati ya haya matano, ulifanye dakika kumi kila siku kwa saa ile ile, na uandike kwenye daftari kile mtoto alichofanya. Daftari hilo litamfaa sana mtaalamu mtakapofika kwake. Na mgeni atakapobisha hodi, mwache mtoto sebuleni. Mfundishe kupunga mkono.